Beseni la Dawa ya Meno

Ule ndio mwaka tuliokula makande bila magadi. Ukiuliza huku kwetu mlimani, juu ya mji wa Maji ya Chai, kina mama hawatakutajia tarakimu, watakutajia kuni. Makande yenye magadi unabandika asubuhi, mchana watu wanakula. Yasiyo na magadi unayabandika giza halijatoka, yanakula kuni kama mgeni asiyejua kuaga, na jioni mahindi bado yanakutolea macho.

Aliyepiga marufuku magadi ni mjukuu wangu. Alisema magadi yana madini yaleyale yaliyomo kwenye maji yetu ya mlimani, wao wanayaita floraidi, na ndiyo yaliyotupa meno ya rangi ya chai ya rangi tangu tukiwa watoto. Alikuwa anataka kupima dawa yake ya meno kwetu sisi. "Si kwamba magadi yatazidi kuwaharibu, Koko," aliniambia, maana huku bibi tunamwita koko. "Mlishaharibika zamani. Ila kwenye kipimo sitaki kitu kinachoingilia." Basi kina mama ishirini na wanne tukaacha magadi kwa miezi sita. Waume zetu wakaacha bila kuulizwa.

Wangu alilalamika. Alikuwa amebakiwa na meno tisa, yote ya kahawia, yote magumu kama kokoto. "Mahindi haya yanapigana na mimi," alisema, "na mimi ni mzee, nitashindwa." Alishindwa kweli, ila si na mahindi. Alikufa mwezi wa kwanza wa kile kipimo haujaisha, asubuhi, amekaa kwenye kigoda mlangoni. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, cha pili kilikuwa mkononi.

Nitayaeleza yote kwa mpangilio, maana watu wameyaeleza kwa namna yao na wengine wamenifanya mchawi.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Mjukuu wangu amesoma mpaka wamekosa darasa la kumpeleka. Najivuna kwa ajili yake na sifichi. Nikikaa karibu na mtu kanisani, kabla ya wimbo wa pili atakuwa ameshajua. Nilimlea mimi, mama yake alipokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Usa River na kurudi mara moja kwa mwezi. Alikuwa mtoto wa kucheka. Kisha akachaguliwa sekondari ya bweni, mkoa wa mbali, na likizo ya kwanza akarudi anacheka huku kiganja kimefunika mdomo.

"Toa mkono," nikamwambia. "Unaogopa nzi?"

Hakutoa. Wenzake kule walikuwa wamemuuliza kama kwao wanapigia mswaki tope. Nikamwambia akawajibu kwamba hayo ni meno ya mlima, na kwamba huku ukiona mtu ana meno meupe pee unajua ni mwalimu aliyehamishwa au ni meno ya dukani. Sidhani aliwajibu. Aliendelea kucheka na kiganja mdomoni mpaka akawa mwanamke mzima, mpaka chuo, mpaka akavaa lile koti jeupe. Kuna watu wanasoma ili wapate gari. Huyu alisoma ili atoe mkono mdomoni.

Chuo chao kiko huko chini kwenye tambarare. Siku moja alinipeleka nikaone. Alikuwa anachukua mifupa ya ng'ombe kwa wachinjaji, anaichoma kwenye tanuri mpaka inakuwa nyeupe kama chokaa, kisha anaitia kwenye mtungi wenye gololi, na mtungi unazungushwa na mashine siku nzima kwa kelele ya kuvunja kichwa.

"Kusaga," nikasema. "Hata mimi nasaga."

"Si kusaga huko, Koko." Akaning'oa unywele mmoja mweupe bila hodi, akaushika mbele ya dirisha. "Unauona unene wake? Chembe zangu zinajipanga hapo kwa maelfu, na bado nafasi inabaki. Hii ndiyo nano. Jino lako limejaa vijishimo ambavyo huvioni. Unga wa kawaida unapita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Huu unaingia shimoni, unakaa, unakuwa jino."

"Jino la ng'ombe."

"Mfupa wa ng'ombe na jino lako ni ndugu."

"Ndugu gani wa kuchomwa na kusagwa," nikasema. Akacheka na kiganja mdomoni.

Kumbe kuvumbua ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kukitoa kitu chuoni kikafika dukani. Alihangaika miaka. Mara vumbi lote la mifupa likalala chini ya kopo na juu yakabaki maji. Mara ladha ikawa ya majivu na hakuna mtu aliyetaka kurudia. Mara wakubwa wa viwango wakataka karatasi, na karatasi ikataka karatasi nyingine. Mwishoni kiwanda kimoja cha mjini, kinachotengeneza mafuta ya kujipaka na sabuni na dawa za meno, kikasema kitaichukua na kuipanga madukani, lakini kinataka kwanza kuona watu wa kweli wenye meno ya kweli. Na si kuona tu. Nusu ya watu wapewe dawa yenye vumbi lake, nusu wapewe ileile isiyo na vumbi, wote wapige mswaki miezi sita, halafu wapimwe. Hapo ndipo itajulikana kama ni vumbi linalong'arisha au ni mswaki wenyewe. Kiwanda kilitoa muda, na baada ya hapo kingeijaza rafu yake na dawa kutoka nje.

Miaka saba ya mjukuu wangu ikaingia kwenye vikopo ishirini na vinne.

Akanipa mimi nigawe, kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa kina mama wa mtaa wetu kanisani na hakuna ambaye angeninyima mdomo wake. Vikopo vilikuwa vidogo, kama vya mafuta ya mgando, kumi na viwili vya kifuniko chekundu, kumi na viwili vya bluu. Alinipa na orodha, nani nyekundu, nani bluu. Mimi mwenyewe nilikuwa bluu.

"Ipi ina vumbi?" nikamuuliza.

"Hata mimi sijui. Anajua mwenzangu mmoja tu kazini, na ameapa. Ndiyo utaratibu wake, Koko. Wewe shika orodha tu. Nyekundu abaki nyekundu, bluu abaki bluu, mpaka mwisho."

Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli. Mwezi wa kwanza niligawa kwa orodha, jina kwa jina, kama sakramenti.

Halafu mzee wangu akafa na kiatu mkononi.

Sikulia. Nilingoja kulia kama mtu anavyongoja gari ambalo halipiti tena barabara hiyo. Watu walilia kwa niaba yangu, wakanishika mikono, na mikono ilikuwa hapo ikishikwa. Waliniletea chai, ikapoa mbele yangu. Nilikuwa kama kiporo cha ugali, ukikibonyeza kinabaki na alama ya kidole, hakirudi. Hata tulipokwisha kumzika kwenye migomba, nilichokuwa nawaza ni kwamba maturubai yamekodishwa mpaka kesho na mtu aangalie kamba. Kiatu cha pili kilibaki mlangoni. Niliposhika ufagio nilifagia kukizunguka.

Sasa nieleze jinsi tunavyomaliza msiba huku kwetu, maana bila hilo utaniona mjinga. Watu wanakuja na vitu. Huyu debe la mahindi, huyu kilo mbili za sukari, yule mafuta, mwingine hana kitu anakuja na mgongo wake kubeba maji. Siku ya kumaliza, kilichobaki hakirudi na aliyekileta. Kinamwagwa pamoja, sukari na sukari, unga na unga, na mama mmoja anakaa katikati na kikombe kimoja cha bati, anawagawia wote, aliyeleta debe na aliyeleta mgongo. Kikombe ni kilekile, kinajazwa usawa uleule. Anayegawa anachukua mwisho. Ukigawa vibaya hapo hakuna atakayekuambia neno. Hawatakuja tu kwenye msiba wako unaofuata.

Vikopo vya mwezi wa pili vilifika wiki hiyohiyo. Mjukuu wangu aliviacha mezani kwenye boksi akarudi kazini. Kesho yake akaja jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke ambaye sauti yake inavuka mfereji kabla yake.

"Mwenyekiti, pole tena. Nisikilize, maana nisiposema nitapasuka."

"Pasukia nje. Humu nimefagia."

Hakutoka. Alikaa. "Hii dawa yako ya bluu ni chokaa. Wifi yangu ana nyekundu, anasema ulimi unateleza kwenye meno kama mtu kwenye tope la masika. Mimi wangu unakwaruza vilevile. Nataka uniambie, mwenyekiti, ulitugawa kwa kuangalia nini?"

"Kwa orodha."

"Orodha ya nani? Kwenye msiba huu nani alibeba maji siku tatu? Mimi au wifi yangu? Yeye alikuja Jumapili na kitenge kipya, akakaa kivulini, akaimba."

"Aliimba vizuri."

"Aliimba. Mimi shingo imeingia tumboni kwa ndoo zako. Halafu yeye ateleze, mimi nikwaruze." Akapunguza sauti, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara. "Si mimi tu. Wa bluu wote wanasema. Wanasema umewapendelea wale walioleta sukari."

Nilimtazama. Ningeweza kumweleza habari za kipimo na kiwanda na yule mwenzake mjukuu wangu aliyeapa. Maneno hayo nilikuwa nayo. Lakini yalikuwa mbali, kama vitu vilivyo juu ya kabati wakati huna nguvu ya kunyanyua mkono. Kilichokuwa karibu ni beseni. Lile beseni kubwa la plastiki la msibani lilikuwa bado limefudikizwa nje kwenye kichanja, halijarudishwa kanisani.

"Waite," nikamwambia. "Waje na vijiko."

Walikuja, wengine siku hiyo, wengine kesho yake asubuhi kabla ya shamba. Nikakaa katikati jikoni. Nikafungua vikopo vyote, nyekundu na bluu, nikavikomba kimoja kimoja mpaka chini, nikamwaga kwenye beseni, nikakoroga kwa mwiko wa ugali. Harufu ya mnanaa ikajaa jikoni, ikafukuza harufu ya moshi. Mkono wangu ulizunguka na nikautazama ukizunguka, kama unavyotazama mkono wa mtu mwingine anayekusongea ugali. Nikajaza vikopo kijiko kwa kijiko, usawa mmoja, kila mtu akapewa chenye rangi yake ileile ya kifuniko ili orodha isiharibike. Nikachukua changu mwisho. Jirani yangu akapima chake na cha wifi yake kwa macho, akaridhika, akaniambia Mungu anibariki.

Sikufikiri kwamba namdanganya mtu. Sikufikiri kitu chochote. Nimejiuliza tangu hapo, je, ningekuwa na akili zangu zote ningewagawia vingine? Nadhani ningewagawia vivyo hivyo, tena ningefurahi.

Mwezi uliofuata nikafanya hivyohivyo, na uliofuata, mpaka mwezi wa sita. Beseni sikulirudisha kanisani. Mjukuu wangu alikuwa anapiga simu, "Koko, umegawa?" Nami najibu, "Nimegawa." Nani anampigia mtu simu kumwambia kwamba amegawa sawasawa? Hiyo si habari.

Meno yakabadilika. Nasema kweli, sitii chumvi. Jirani yangu alianza kucheka kanisani hata pale ambapo mchungaji hakukusudia. Kina mama wakapigana picha za simu wakiwa wamefungua midomo kama vifaranga. Siku moja nilichukua kioo cha kunyolea ndevu cha marehemu nikajitazama mlangoni. Ile chai ya rangi ilikuwa imeanza kuwa chai ya maziwa. Nikafikiri, yeye amekwenda na tisa zake za kahawia, tukikutana huko atapita bila kunisalimia. Nilingoja nione kama wazo hilo litaniuma. Halikuuma. Nikarudisha kioo kwenye msumari.

Siku ya kupima mjukuu wangu alikuja na kitana. Nakiita kitana kwa vile kilifanana nacho, lakini kila jino lake lilikuwa jino kweli, la bandia, limepangwa kuanzia nyeupe ya maziwa mpaka kahawia ya kibuyu cha ugoro. Alitukalisha mmoja mmoja kwenye benchi karibu na dirisha, akatupanua mdomo, akalinganisha, akaandika. Kina mama walitaniana.

"Mimi sijafika jino la tatu?"

"Wewe jino la tatu utalifikia peponi."

Mjukuu wangu alicheka nao. Mikono yake yote ilikuwa na kazi, mmoja kitana, mwingine kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa mtoto nikamwona anacheka mdomo wazi. Hilo nililiona. Nikaliweka mahali, kama mtu anavyoweka risiti, bila kulisoma.

Jumamosi iliyofuata alirudi peke yake. Hakuja na mkate kama kawaida yake. Akakaa jikoni, kiganja mdomoni, na hakuwa anacheka.

"Haikufanya kazi, Koko."

"Mbona tumeng'ara?"

"Mmeng'ara wote. Mwenzangu amefungua bahasha ya siri, bluu haikuwa na vumbi. Na bluu wameng'ara sawa na nyekundu. Maana yake vumbi langu si kitu. Ni mswaki tu. Ningewapa mkaa na kitambaa ingekuwa yaleyale." Aliongea taratibu, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine. "Miaka saba nimesaga mifupa bure."

Makande yalikuwa jikoni, yanagoma kuiva. Nikayaongezea maji. Halafu nikamwambia.

"Dawa nilichanganya."

"Ulichanganya vifuniko?"

"Dawa yenyewe. Nyekundu na bluu. Kwenye beseni la msiba."

"Lini?"

"Tangu tulipomzika babu yako. Kila mwezi."

Nilimwona anahesabu ndani ya kichwa, anafungua daftari na kulifunga. "Yote?"

"Yote. Nikagawa sawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimegawa. Nilikuwa nimegawa."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga; labda ningesikia kitu. Alitoka akasimama kwenye migomba, upande alipolala babu yake, amenipa mgongo. Aliporudi akachukua sufuria akaanza kuisugua kwa majivu, akaisugua mpaka nikadhani itatoboka. Kisha akasema, akiwa bado ameinamia sufuria, "Kwa hiyo inawezekana vumbi linafanya kazi hata likiwa nusu. Na inawezekana halifanyi. Hakuna anayejua. Hata Mungu sasa hivi anatafuta daftari."

Nikamwuliza kama si anaweza kurudia. Akasema kurudia ni miezi sita mingine, na muda wa kiwanda unaisha mwezi huo. Aliwapigia akawaeleza ukweli, maana nilimlea mimi. Wiki ileile kiwanda kikamtuma mtu wake.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, anayeshughulika na kuuza, viatu vyake vinameta hata baada ya njia yetu. Akanipa chupa kubwa ya mafuta ya kujipaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, hicho kiti kizima."

Alikaa. Mjukuu wangu alikaa upande wa pili, mikono mapajani. Kijana akasifu mlima, akasifu chai, akasifu meno yangu. Alikuwa na picha zetu zote kwenye simu, za kabla na za baada. Akasema picha hizo zina nguvu kuliko vitabu. Halafu akatoa karatasi.

"Bibi, tusipoteze kitu kizuri kwa ajili ya beseni. Kina mama wote wameng'ara, si kweli?"

"Kweli."

"Na wote walitumia dawa yenye vumbi, kwa sababu ilikuwa humo ndani ya beseni. Si kweli?"

"Ilikuwa humo."

"Basi. Habari ya bluu tunaiacha. Karatasi hii inasema kina mama ishirini na wanne walitumia dawa yenye vumbi kama ilivyotoka chuoni, bila kuchanganywa na kitu, na wewe kama mgawaji unathibitisha. Unaweka sahihi hapa. Mwezi ujao dawa ya mjukuu wako iko madukani, Arusha yote, Moshi yote, na picha yako juu ya boksi."

"Bila kuchanganywa."

"Ni maneno ya kikazi tu, bibi."

"Andika, mwenyekiti alichanganya kwenye beseni akagawa sawa. Hiyo nitaweka sahihi sasa hivi."

Akatabasamu. Meno yake yalikuwa meupe, si mtu wa huku. "Hiyo haiuzi, bibi."

"Basi mimi nitakuambia hivi. Nilichanganya mimi, kwa mkono huu. Mkono huu hautaandika kwamba haukuchanganya."

Alimgeukia mjukuu wangu kama mtu anayeomba tafsiri. Mjukuu wangu alikuwa anatazama sakafu. Kijana hakukasirika, amefundishwa kutokasirika. Akasema ataiacha karatasi, tutafakari kama familia, Jumatatu atapita. Akaiweka chini ya chupa ya mafuta isipeperuke, akaweka na kalamu, akaaga vizuri.

Tukabaki wawili. Jikoni sufuria ilikuwa ikitokota. Nilijua kwamba kina mama ishirini na watatu walikaa pale, mwezi huu au ule, wananitazama nikikoroga, na kwamba siku boksi lenye picha yangu litakapofika dukani watalisoma, wale wanaojua kusoma, na watawasomea wengine. Lakini sikuwa nafikiria hao. Sikuwa nafikiria kitu. Nilikuwa natazama kiatu mlangoni, vumbi limekaa juu yake miezi yote hiyo, vumbi la kawaida, la kuonekana.

Mjukuu wangu akavuta kigoda cha babu yake, akakaa mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu. Akaitoa karatasi chini ya chupa, akailaza juu ya magoti yangu, akaweka kalamu juu yake.

"Koko. Yule ni mtu wa kiwanda, achana naye. Sasa ninayekuomba ni mimi."

Nikaizuia kalamu isidondoke.

"Nikiikosa hii, chuo wanampa mtu mwingine ile maabara. Najua vumbi linafanya kazi. Najua, Koko. Nimeliona jino lilivyo chini ya mashine, shimo limejaa. Sitadanganya watu kitu kibaya. Nitarudia kipimo baadaye, kimyakimya, nitathibitisha. Naomba jina lako tu. Umeniandikia jina lako kwenye kila fomu ya shule tangu chekechea."

Ilikuwa kweli. Jina ndilo neno ninaloliandika vizuri kuliko yote, na nililifanyia mazoezi kwa ajili ya fomu zake. Alikuwa analia, na hakujifunika mdomo. Nikayaona meno yake, yaleyale ya mlima, maana yeye hakuwahi kujipaka dawa yake hata siku moja, alisema mpimaji hajipimi. Hapo nikasikia kitu kikisogea ndani, kidogo sana, kwa maumivu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Nikaichukua ile kalamu, nikamrudishia kiganjani, nikamfunga vidole.

"Nilichanganya mimi, kwa mkono huu. Mkono huu hautaandika kwamba haukuchanganya."